Mzamivu na Malenga: Tasnifu katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Katika Kiswahili cha kale neno "chuo" lilibeba maana mbili kwa pamoja. Chuo kilikuwa kitabu, na chuo kilikuwa mahali pa kusomea. Mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu kujifunza Kurani alikwenda chuoni, na mkononi alichukua chuo. Ndiyo maana utenzi mkongwe wa Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate, usimuliao vita vya Tabuki na majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi, uliitwa Chuo cha Herekali. Wengine huuita Utenzi wa Tambuka. Nakala yake mashuhuri, iliyohifadhiwa Hamburg, hutajwa kuwa ya mwaka 1728.

Miaka 230 baadaye, mwaka 1958, chuo hicho kiliingia chuo kikuu. Mholanzi Jan Knappert aliufanya utenzi huo kuwa tasnifu yake ya udaktari mjini Leiden, akauchapa pamoja na tafsiri, utangulizi na maelezo kwa lugha ya Kiholanzi. Kazi ilikuwa nzito na yenye faida. Bila ya watu wa namna yake, nakala nyingi zingeliwa na mchwa. Lakini mtu wa Pate mwenye kuujua utenzi huo kwa kuusikia hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa yale yaliyosemwa juu yake. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo halijafungwa hadi leo: tasnifu inapoandikwa juu ya ushairi wa watu, inaandikwa kwa ajili ya nani, na nani anayeistahilisha?

Wenye Kiswahili chao wamelipa neno "tasnifu" kutoka Kiarabu, ambako kusanifu ni kutunga na kupanga kitabu fungu kwa fungu. Kwa shahada ya juu kabisa wakachagua neno la baharini: uzamivu. Mzamivu ni yule azamaye kilindini akaibuka na kitu. Watu wa pwani wanajua, hata hivyo, kwamba mzamia lulu hakuzama peke yake. Juu, ndani ya chombo, alikaa mwenzake ameshika kamba, na bila ya huyo kilindi kingekuwa kaburi. Katika historia ya tasnifu za ushairi wa Kiswahili mshika kamba alikuwa malenga, au mwanachuoni wa mtaani, ambaye mara nyingi chuo kikuu hakukiona ila kwa wageni waliomjia wakitoka huko.

Sababu ya kumhitaji haikuwa adabu tu. Tenzi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazikuumbwa kwa sauti za Kiswahili. Katika nakala nyingi herufi moja, be, ilisimama mahali pa b, pa p, pa mb na hata pa mp. Irabu i na e ziliandikwa kwa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Neno moja kwa hiyo liliweza kusomwa "paka" au "mpaka", na kamusi isisaidie kitu. Aliyeweza kuamua ni mwenye sikio la mizani. Kipande cha utenzi kina mizani minane; "paka" ina miwili, "mpaka" una mitatu, na mshororo uliopungua au kuzidi hujitangaza wenyewe kwa aliyelelewa katika mahadhi. Msomi aliyesoma kwa macho peke yake alihitaji mtu wa kumsikilizia.

Mfano wa mwanzo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki 1890. Yeye ndiye aliyemsaidia mmishionari W. E. Taylor kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji, miongo kadhaa baada ya Muyaka mwenyewe kufa. Karatasi hizo zikaenda Uingereza. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana wa Muyaka mwaka 1979. Vitabu vyote hivyo vimesimama juu ya kumbukumbu ya mzee mmoja wa Mvita aliyejua kila shairi lilisemwa kwa nini na kumjibu nani.

Wa pili ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mwenye hati nzuri kupita kiasi. Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann wote walipata nakala za tenzi kwa mkono wake, na sehemu kubwa ya kinachoitwa "mswada wa Lamu" katika maktaba za Ulaya ni kalamu yake. Kijuma alibaki jina katika maelezo ya wengine hadi mwaka 1983, Mmisri Mohammad Abou Egl alipowasilisha katika SOAS, Chuo Kikuu cha London, tasnifu ya uzamivu juu ya maisha na kazi za Kijuma mwenyewe. Ilimchukua mnakili karibu miaka arobaini baada ya kifo chake kuondoka kwenye tanbihi na kuwa mada.

Baada yake walikuja wengine wawili wasiosahaulika. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki 2017, alifundishwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh. Wasomi wa nchi nyingi walimwendea wapate kusomewa miswada na kufafanuliwa maneno ya Kiamu. Naye alitunga: Sambo ya Kiwandeo, juu ya jahazi na maneno yake, ilichapwa Leiden mwaka 1979, na Umbuji wa Mnazi ukafuata mwaka 1985. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki 2008, alihamia London na huko akawa tegemeo la walimu na wanafunzi waliotaka kujua Kimvita na hati zake. Ukifungua kurasa za shukrani za tasnifu nyingi za zama hizo utayakuta majina ya wazee hawa wawili. Ukifungua sura za ndani utakuta mara nyingi neno "mtoa habari". Ni neno dogo kwa kazi kubwa. Mtoa habari ni yule aliyeshuhudia ajali njiani. Aliyekaa miaka sitini na mizani, akamwonyesha mwanafunzi wapi amekosea, jina lake ni mwalimu.

Wenyeji nao waliingia. Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa uzamivu na London mwaka 1971 kwa kuchunguza nyimbo za pepo za Mombasa. Ibrahim Noor Shariff aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, mwaka 1983, juu ya kazi ya mashairi ya kujibizana katika jamii ya Waswahili. Mambo yalikuwa ya nyumbani, na waandishi walikuwa wa nyumbani, lakini lugha ya tasnifu ilikuwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyotahiniwa.

Mlango mwingine ulifunguliwa Dar es Salaam. Topan huyo huyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa walioanza kufundisha fasihi ya Kiswahili chuoni hapo kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 1976 mwanafunzi kutoka kisiwa cha Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliwasilisha tasnifu ya shahada ya pili, Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya. Iliandikwa kwa Kiswahili. Jambo hilo linastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu Kezilahabi ndiye yule yule aliyekuwa ametoa Kichomi mwaka 1974, na wapenzi wengi wa vina na mizani wakamhesabu kuwa mvunja nyumba. Aliyeshutumiwa kuacha kanuni za ushairi wa pwani ndiye aliyethubutu kuifanya lugha ya pwani kuwa lugha ya hoja ya chuo kikuu. Tasnifu yake ya uzamivu, ya Wisconsin mwaka 1985, ilikuwa kwa Kiingereza.

Shariff, mtetezi wa tungo za mapokeo, alisafiri njia hiyo kinyume. Baada ya Kiingereza cha Rutgers alileta Tungo Zetu mwaka 1988, kwa Kiswahili, akitetea kwamba shairi ni bahari moja tu miongoni mwa bahari nyingi za tungo, na kwamba mizizi ya tungo hizo ni ya Waswahili wenyewe. Watu hawa wawili hawakukubaliana juu ya ushairi ni nini. Walilingana katika jambo moja: kila mmoja aliandika kwa lugha ambayo aliowataja wangeweza kumjibu. Na wakajibiwa, magazetini, vitabuni na barazani.

Hilo la kujibiwa ndilo kiini. Tasnifu hutetewa: mwanafunzi huketi mbele ya watahini, akaulizwa, akajibu. Malenga haoni mgeni hapo. Shairi la kujibizana nalo lilitetewa mbele ya waliolijua, na aliyepotoka katika neno au kina alirudishiwa shairi lake siku ya pili. Tofauti ni kwamba watahini wa chuo wanaweza kukamata kosa la nadharia au la marejeo, lakini kosa la neno la Kitumbatu, la Kimakunduchi au la Kiamu hulikamata mtu wa kwao peke yake. Tafsiri moja iliyokosewa katika tasnifu hunukuliwa na tasnifu ya pili, na ya tatu, hata ikawa ndiyo maana rasmi ya ubeti.

Leo nafasi ni pana kuliko wakati wa Sikujua. Orodha ya miswada ya SOAS inafikika kwa intaneti. Dar es Salaam na vyuo vya Kenya vimekwisha kupokea tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Na Zanzibar ina chuo kikuu chake cha taifa, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Wakati huo huo washika kamba wanapungua. Nabhany hayupo, Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtungaji wa Kimbunga, alifariki 2021. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika juu ya ushairi wa visiwa hivi ana deni la utetezi wa pili. Nakala moja iende maktaba, na nyingine irudi kijijini isomwe kwa sauti mbele ya wale waliotoa tungo, kabla haijajaladiwa. Watakaposema "hapa sivyo", mzamivu ajue kwamba kamba imevutwa.