Shinikizo la Ngamia na Uchumi wa Ufuta katika Mwambao wa Afrika Mashariki, Karne ya 19

Shinikizo, yaani kinu cha kukamulia mafuta kinachozungushwa na ngamia, aghalabu huelezwa kuwa masalia ya maisha ya kale yaliyojitosheleza. Sehemu hii inajenga hoja tofauti: katika karne ya 19, shinikizo lilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo uliowaunganisha watumwa wa mashambani, wenye mashamba na wafanyabiashara wa ng'ambo. Kulitazama kama chombo tu ni kuwasahau waliolilisha.

Muundo wake ulikuwa sahili. Gogo kubwa lilichimbwa mfano wa kinu, na sehemu yake ya chini ikazikwa ardhini. Mchi mnene uliegemezwa ndani yake na kuunganishwa na boriti iliyoelemezwa mawe. Ngamia, akiwa amefungwa kitambaa machoni, aliivuta boriti hiyo kwa kuzunguka, nao mchi ukazisaga mbegu za ufuta hadi uto ukajitenga. Uto ulitumika kupikia, kujipaka na kuwashia taa. Mashudu yaliyobaki yalilishwa mifugo. Wasafiri waliofika Unguja katika karne hiyo walivitaja vinu vya namna hii. Vinu vya jamii hiyo vilitumika pia Arabuni na Bara Hindi, jambo linaloonesha kuwa ufundi huu ulikuwa sehemu ya maarifa ya Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, si ufuta wote uliofika kinuni. Baada ya mkataba wa 1844 baina ya Ufaransa na Sultani Seyyid Said, wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua ufuta kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille. Mbegu ziliuzwa zikiwa ghafi, na faida ya kuzikamua ikaenda Ulaya. Shinikizo la mwambao likabaki kuhudumia soko la karibu.

Swali la msingi, basi, ni nani aliyezalisha ufuta huo. Cooper (1977) anaonesha kuwa Malindi, iliyofufuliwa katika miaka ya 1860, ilistawi kwa mtama na ufuta uliolimwa na watumwa. Mtumwa alifyeka, akapanda, akapalilia na kuvuna. Jasho lake lilitangulia kila tone la uto. Maelezo ya wasafiri yanayomstaajabia ngamia anayezunguka huyaacha mashamba nje ya picha.

Kwa mtazamo huo, kudorora kwa shinikizo hakuwezi kuelezwa kwa ujio wa mashine pekee. Utumwa ulipokoma kutambuliwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, wenye mashamba walipoteza mamlaka juu ya nguvukazi iliyokuwa msingi wa kilimo hicho. Wakati huohuo, mafuta ya taa kutoka ng'ambo yalipunguza haja ya uto majumbani. Mabadiliko ya kazi, ya soko na ya teknolojia yalikwenda sambamba.

Leo neno shinikizo hutumika zaidi kwa shinikizo la damu au la kisiasa. Maana ya kinu imefifia, lakini dhana ya kubanwa imesalia. Kwa mwanahistoria, dhana hiyo inawahusu watu kama inavyozihusu mbegu.