Imetetemeka au Imetikiswa?

Baruti ikilipuliwa machimboni, mtu aliyeketi mbali huko Litapunga, mkoani Katavi, huguswa nyayo na ardhi kwanza, kishindo ndipo kimfikie masikioni. Mtikiso hupita upesi mwambani; sauti huchelewa hewani. Na katika mkoa huu swali huja lenyewe: ardhi imetetemeka au imetikiswa? Tuko kwenye Bonde la Ufa, kati ya maziwa ya Tanganyika na Rukwa, na tetemeko la Desemba 13, 1910, lililokaribia kipimo cha 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika.

Napenda jinsi Kiswahili kinavyoyatenga maneno haya. Mgonjwa wa homa hutetemeka ndani ya shuka bila kushikwa na mtu. Mwembe hautetemeki, hutikiswa, na chini yake yupo mtoto anayesubiri maembe. Tetemeko halina mkono. Mtikisiko una mwenyewe.

Wataalamu wanaosaka mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa chini ya ardhi huutafuta mkono huohuo. Mlipuko husukuma mwamba pande zote kwa pamoja, hivyo wimbi la kwanza huwa la kusukuma katika kila kituo. Tetemeko ni miamba kuteleza penye ufa: kituo hiki husukumwa, kile huvutwa. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, wa mwaka 1996, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, umepangiwa vituo 321 vya kupima. Kituo cha Kilimambogo, Kenya, husikiliza mitetemo. Cha Dar es Salaam huchuja hewa kutafuta chembe za mionzi.

Septemba 3, 2017, Korea Kaskazini ilipolipua bomu la nyuklia huko Punggye-ri, ardhi ilitikisika tena kama dakika 8 baadaye. Mara ya pili lilikuwa poromoko: pango lililoachwa na mlipuko lilibomoka. Redio iliyoyaita yote mawili “tetemeko” ilimnyima msikilizaji habari yenyewe.

Neno “mtetemo” liachiwe kipimo, kwani mashine hurekodi kabla haijajua chanzo. Ninyi mnaosoma taarifa ya habari, bomu likilipuliwa chini ya mlima, semeni ardhi imetikiswa, kisha mtaje aliyeitikisa.