Nusu ya Ushuru, Miaka Minane

Tukizungumza juu ya kufa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, sisi vijana tumezoea hadithi moja: eti Nyerere hakupatana na Idi Amin, Kenya wakawa mabepari, Tanzania wajamaa, basi, nyumba ikaanguka. Sikatai. Lakini anayetaka kuielewa nyumba ile aanze kwenye matairi na balbu, hotuba zitafuata.

Mwaka 1964 ulifanyika mkutano Kampala wa kugawana viwanda. Tanganyika ipewe matairi, redio na kuunganisha Land Rover. Uganda baiskeli na mbolea. Kenya balbu za umeme. Sababu ilikuwa wazi. Tangu enzi ya mkoloni viwanda vilirundikana Nairobi, na kwa kuwa soko lilikuwa moja, Mtanganyika na Mganda kazi yao ilikuwa kununua tu. Kenya haikuyaridhia makubaliano yale. Miaka michache baadaye General Tyre ikajengwa Arusha, na Firestone nayo ikajengwa Nairobi. Viwanda viwili vya tairi, mwendo wa saa chache kwa basi!

Ndipo Mkataba wa 1967 ukaleta kodi ya uhamisho. Jina zito, jambo lenyewe jepesi: nchi inayonunua kwa jirani bidhaa nyingi za viwandani kuliko inazomwuzia iruhusiwe kumtoza, tena kwa bidhaa zile tu ambazo yenyewe inazitengeneza au iko mbioni kuzitengeneza. Kiwango kisizidi nusu ya ushuru wa bidhaa hiyo ikitoka ng'ambo, na kodi yoyote isidumu zaidi ya miaka minane. Kenya, iliyowauzia wenzake wote wawili, ndiyo iliyotozwa zaidi.

Wapo wanaosema hapo ndipo sumu ilipoingia. Mimi naitetea kodi ile. Ilikuwa na kipimo, na ilikuwa na siku ya kufa. Kilichoua ni vile visivyo na kipimo: leseni za kuagiza mali, kubana fedha za kigeni, ugomvi wa fedha katika mashirika ya pamoja. Ushuru utauona kwenye bei ya sabuni. Leseni iliyokaliwa na bwana mkubwa ofisini utaihesabuje?

Mapema 1977 ndege za East African Airways zikasimama, Kenya ikaunda shirika lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Hapo hakuna tena kodi, kuna kufuli. Nalo likawabana wote. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka mali Zambia yakakosa njia. Watalii waliozoea kutua Nairobi kisha kuteremkia Serengeti wakaishia Maasai Mara, hoteli zetu za kaskazini zikapiga miayo. Na kwetu Rombo, wazee wanasimulia, sabuni na dawa ya meno zilivuka Tarakea usiku, kichwani, kwa bei ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Huo nao ulikuwa ushuru jamani, ila aliyeupokea ni mlanguzi. Hazina haikuona hata senti. Mwaka 1983 serikali ikawasaka walanguzi kwa jina la wahujumu uchumi, na Novemba mwaka huohuo, baada ya miaka zaidi ya sita, mpaka ukafunguliwa.

Jumuiya ilifufuliwa kwa Mkataba wa 1999, na umoja wa forodha ukaanza 2005. Cha ajabu, kodi ile ilirudi kwa mlango wa nyuma: baadhi ya bidhaa za Kenya zikawa zinatozwa zikiingia Tanzania na Uganda, kiwango kikipungua kila mwaka kwa miaka mitano. Ilipofika 2010 ikaisha, kimya kimya, kama ilivyoandikwa. Nani anaikumbuka?

Tunachokumbuka ni 2017. Kenya ikazuia gesi ya kupikia na unga wa ngano kutoka Tanzania. Tanzania ikazuia maziwa na sigara za Kenya. Julai wakakubaliana kuondoleana vikwazo hivyo. Mwishoni mwa Oktoba, kwa hofu ya mafua ya ndege, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikakamatwa Namanga na kuchomwa moto.