Foleni za Mombasa: Barabara Mpya na Moshi Tunaovuta

Mombasa mjini ni kisiwa, na hapo ndipo tatizo la foleni linapoanzia. Atokaye Kisauni hupita daraja la Nyali. Atokaye Changamwe hupita Makupa au Kipevu. Atokaye Likoni huvuka kwa feri. Milango ni hiyo michache, na lori moja likiharibika Makupa, mji mzima husimama.

Gari lililosimama injini ikinguruma haliendi popote, lakini mafuta linakula. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Petroli hutoa takriban kilo 2.3. Uzito huo hupita wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani.

Tupige hesabu. Lori kubwa lililosimama bila kuzimwa huunguza kama lita tatu kwa saa. Malori 100 yakikwama saa mbili ni lita 600, yaani zaidi ya tani moja na nusu ya kaboni, na hakuna kontena lililosogea hata hatua moja.

Kaboni hiyo hupanda ikaongeza joto la dunia nzima. Masizi ya dizeli, kinyume chake, hubaki hapa hapa mtaani. Wanaoyavuta ni muuza mahamri wa kando ya barabara, dereva wa tuktuk na mtoto anayengoja matatu ya kwenda shule.

Je, barabara mpya ni dawa? Kwa kiasi, ndiyo. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wasafiri wa Kwale na Lunga Lunga njia ya kufika Miritini bila kungoja feri. Daraja la Makupa, lililofunguliwa 2022, lilichukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa likizuia maji ya bahari kupita.

Lakini barabara pana huita magari mapya. Barabara ya Thika kule Nairobi ilizinduliwa 2012 ikiwa na njia nane, na leo foleni bado ziko, hasa inapoingia mjini. Safari ikiwa rahisi, wengi hununua gari au huhamia mbali zaidi, na nafasi hujaa tena.

Njia nyingine ni kupunguza magari yenyewe. Treni hubeba tani moja ya mzigo kwa mafuta machache kuliko lori. Hata hivyo, amri ya 2019 ya kupeleka makontena kwa reli ya SGR ilizua maandamano hapa Mombasa, kwa kuwa madereva, makanika na wenye maduka waliona riziki yao inaondoka. Kilio chao kilikuwa cha haki. Mpango wa kupunguza moshi usiowajali watu hawa hautadumu.

Tukumbuke pia mikoko. Huhifadhi kaboni nyingi kwenye matope yake, na wanakijiji wa Gazi, Kwale, wamekuwa wakipata fedha za maendeleo kwa kuilinda tangu 2013. Barabara inayokata mikoko hupoteza hazina hiyo.

Basi kabla ya kudai lami zaidi, tudai mabasi makubwa yenye njia yake, pa kutembea kwa miguu penye usalama, na sehemu ya malori kungojea nje ya mji. Na wewe dereva, foleni ikisimama kabisa, zima injini.