Yusuf bin Hasan na Mji Aliouacha Nyuma

Hadithi ya shujaa wa vitabu vya picha ina umbo ambalo mtoto hulishika kabla hajajua kusoma sawasawa: mzazi anauawa, yatima analelewa mbali, anapata nguvu na jina la pili, kisha anarudi kulipiza kisasi. Batman alipewa umbo hilo huko Marekani mwaka 1939. Mombasa haikuwa na haja ya kuliazima. Mtoto aliyesoma historia ya pwani shuleni, kisha akapelekwa na darasa lake kuiona Ngome ya Yesu, amekwisha kukutana na Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Yusuf akachukuliwa hadi Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi, angali mdogo, akalelewa na watawa wa Agostino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akarudishwa Mombasa awe mfalme, na Agosti 1631 akaingia ngomeni na wafuasi wake, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Hayo yote ni kweli. Lakini yakipangwa hivyo, moja baada ya jingine kama picha kwenye ukurasa, Yusuf anajaza ukurasa mzima na mji wa Mombasa unabaki kuwa mandhari tu nyuma ya mgongo wake. Anayeusoma mkasa huu akiwa mtu mzima ana wajibu wa kuurudisha mji mbele.

Tuanze na ukoo, maana hapo ndipo hadithi ya watoto inapokaa kimya kuliko popote. Mombasa ndiyo iliyowapinga Wareno tangu mwanzo, na ikalipia upinzani huo: Francisco de Almeida aliichoma moto mwaka 1505, Nuno da Cunha akairudia mwishoni mwa mwaka 1528, na mwaka 1589 ikavunjwa tena. Malindi ilishika njia nyingine. Ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498, ikampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na urafiki huo ukadumu karibu karne nzima. Wareno walipokishika kisiwa cha Mombasa na kuanza kuijenga Ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, walimleta shehe wa Malindi akalie kiti cha Mvita, yaani Mombasa. Kwa hiyo Hasan na mwanawe walikuwa wa nyumba iliyoletwa na mgeni na kuwekwa juu ya wenyeji. Ugomvi wa Hasan na makapteni, juu ya mapato na juu ya nani mwenye amri, ulikuwa ugomvi wa kweli, na aliyedhulumiwa ni yeye. Hata hivyo ulianza kama ugomvi wa washirika. Alipokimbilia bara, waliomuua ni watu wa huko huko bara, waliolipwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Kisasi cha vitabu vya picha hutaka adui mmoja mwenye sura moja. Hapa pana kapteni aliyetoa malipo na jirani aliyeyapokea, na kuna kiti chenyewe, ambacho tangu awali kilikuwa zawadi ya mgeni.

Yusuf aliyeshuka bandarini mwaka 1630 alikuwa amekwisha kutumikia katika majeshi ya majini ya Ureno, tena amepewa heshima ya Shirika la Kristo. Waislamu wa mji walimwona Mkristo, na Wareno wa Ngome walimdharau kama Mwafrika. Ushahidi uliokusanywa baadaye unasema alionekana akisali kwa siri, kwa desturi ya Kiislamu, kwenye kaburi la baba yake. Habari zikamfikia kapteni, na mipango ya kumrudisha Goa akahukumiwe ikaanza. Tukiusoma ushahidi huo kwa makini, tunamkuta mtu aliyebanwa kila upande, aliyepiga kabla hajapigwa. Picha ya kijana aliyenuia kisasi kwa miaka kumi na saba inavutia zaidi, lakini haituelezi kwa nini alingoja mwaka mzima akiwa mfalme kabla ya kuchomoa kisu.

Tena kisu hakikuishia kwa kapteni. Mke na binti wa kapteni waliuawa. Wareno waliokaa mjini, nje ya Ngome, walijikinga katika nyumba ya watawa wa Agostino, kisha wakatolewa na kuuawa. Idadi ya Wareno waliokufa hutajwa kuwa kama 150, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waafrika waliobatizwa waliambiwa waiache dini ile. Waliokataa waliuawa au wakapelekwa Uarabuni utumwani. Hao walikuwa watu wa pwani, wazungumzaji wa lugha hii hii. Baadhi yao walibatizwa wakiwa watumwa, bila mtu kuwauliza wanataka nini. Katika ukurasa wa shujaa hawana pa kusimama, maana si adui wala si wale waliokuja kukombolewa.

Hapa msomaji ana haki ya kunisimamisha: ushahidi huo umetoka wapi? Umetoka kwa uchunguzi wa Kanisa, uliofanywa Goa kwa viapo ili waliouawa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1980. Ni kweli kwamba waulizaji walikuwa na jibu lao mfukoni. Maneno ya kishujaa wanayotiwa vinywani wanaokufa nayapokea kwa tahadhari kubwa. Ila shahidi mwenye upande huaminika pale anapolitaja jambo linaloudhuru upande wake. Mauaji ya Hasan kwa fedha za Wareno na ufidhuli wa makapteni kwa mfalme waliyemtawaza wenyewe ni mambo ambayo kumbukumbu za Wareno hazikuweza kuyaficha. Hatuwezi kuyachukua hayo kwa sababu yanatupendeza, kisha tukawatupa watoto waliouawa kwa sababu wanatuudhi.

Sura iliyobaki ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayokatwa. Januari 1632 jeshi la majini lilifika kutoka Goa. Ngome ikahimili mazingiwa hadi Machi, na Wareno wakaondoka bila kuitwaa. Huo ni ushindi mkubwa, lakini ulikuwa wa watu wa mjini na wa bara waliosimama ukutani kwa miezi ile, wala majina yao hayakuhifadhiwa. Miezi miwili baadaye, Mei, Yusuf aliibomoa Ngome kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyoiteka, akaenda zake. Aliishi kwa uharamia hadi alipouawa katika Bahari ya Shamu mwaka 1638. Agosti 1632 Wareno walirudi wakakuta kisiwa hakina mlinzi.

Bei ya uasi ule imechongwa juu ya lango la Ngome, na ipo mpaka leo. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika amri mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, anajisifu hapo kwamba aliijenga Ngome upya na kuwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme dhalimu. Anaorodhesha: Pate na Siyu waliadhibiwa hadi kuta za miji zikabomolewa, Wamusungulo wa bara wakapigwa, na huko Pemba wakuu wakauawa kwa amri yake mwenyewe. Jina la Yusuf halimo. Waliomo ni waliolipa.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa pwani, aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba historia yake ililetwa na merikebu, anamhitaji shujaa wake, na kwamba kumpunguza Yusuf ni kuwapunguzia Wareno hatia. Hofu hiyo naiheshimu. Hatia ya waliouchoma mji tangu mwaka 1505 haipungui hata chembe kwa kueleza kilichotendeka mwaka 1631. Naye Yusuf bado ni mfalme aliyeing'oa bendera ya dola kubwa kwenye ngome yake, kazi iliyowashinda wote waliomtangulia. Ila mtoto anayefundishwa kwamba mji huokolewa na mtu mmoja mwenye kisu atauona ukuta wa Ngome asiwaone walioulinda, na hatakuwa na la kusema kuhusu Pemba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaoziongoza safari za wanafunzi kutoka mtaa wa Ndia Kuu hadi Ngomeni: kabla hamjafika kwenye mizinga, simameni langoni. Wasomeeni jiwe la Cabreira lote kwa Kiswahili, na kila mji uliotajwa humo waonyesheni kwenye ramani.