Protini Isiyo Mahali Pake

Ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo, na katika soko la samaki la Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, Kiswahili cha Katanga husikika sambamba na Kibemba. Ziwa hilo na vinamasi vyake ni makazi ya mbu aina ya Anopheles funestus. Vyandarua vimegawiwa, nyumba zimepuliziwa dawa, na bado malaria haipumziki mwaka mzima. Naanzia huko kwa sababu istilahi ninayoitafutia Kiswahili inaonekana wazi zaidi katika damu ya mtoto wa Nchelenge kuliko kitabuni.

Protini huundwa sehemu moja ya seli ikafanye kazi sehemu nyingine. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani yake ndani ya muundo wake. Anwani ikivurugika, madhara ni makubwa. Upo ugonjwa wa kurithi ambao, kwa baadhi ya wagonjwa, kimeng'enya cha ini kinachotakiwa kwenye peroksisomu huishia kwenye mitokondria. Kimeng'enya chenyewe ni kizima na kinaweza kazi, ila hakipo penye kazi. Oksaleti hurundikana, mawe yakajijenga kwenye figo, na figo zikafa.

Kiingereza huiita hali hii *mislocalisation*, kwa kubandika kiambishi cha kosa mbele ya neno la mahali. Sisi tuseme nini? "Protini potofu" inaisingizia protini isiyo na hatia, tena inaichanganya na ile iliyokunjwa vibaya. "Protini iliyopotea" haifai, maana kilichopotea hakijulikani kilipo, na hii inaonekana kwa hadubini. "Iliyohama" inaleta picha ya mtu aliyefunga mizigo kwa hiari. Kwa muda mrefu nilipenda "protini iliyokosea mahali". Malaria ndiyo iliyonitoa huko.

Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu. Chembe hiyo haina kiini wala mitambo ya kusafirishia protini, kwa hiyo kimelea hujijengea njia zake, kikaituma protini iitwayo PfEMP1 mpaka juu ya utando wa chembe. Ikifika hapo hunasa kwenye kuta za mishipa midogo, na chembe haizunguki tena kupita kwenye bandama, ambako ingechujwa na kuharibiwa. Chembe zikinasa kwenye ubongo, mtoto hupata ile malaria ambayo wazee wengi wameijua kwa jina la degedege. Zinanasa hata kwenye kondo la nyuma: mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa utafiti wa magharibi mwa Kenya, kemikali ya kondo ambayo chembe hizo huishikilia.

Sasa, kosa liko wapi? Protini hiyo imefika hasa ilikotumwa. Kwa kimelea safari imefanikiwa. Kwa mtoto, kitu kimekaa pasipo pake. Neno "kukosea" linalazimisha kuwepo mkosaji. "Protini isiyo mahali pake" hailazimishi, nayo inafaa kwa figo za mgonjwa yule na damu ya mtoto huyu.

Tena Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina: *imo* na *ipo*. PfEMP1 ikiwa imo ndani ya chembe, hainasi popote. Ikishakuwa ipo juu ya utando, damu inaanza kukwama. Herufi moja inabeba hatua nzima ya ugonjwa.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu (na selimundu ni istilahi iliyosukwa vizuri sana) wana kinga fulani dhidi ya malaria. Sababu ni zaidi ya moja. Mojawapo ilionekana maabara miaka mingi baadaye: katika chembe zao, PfEMP1 inayofika juu ya utando ni pungufu. Imo, ila haipo ya kutosha.