Darubini ya Kondoa



Hapa Yeoville, katika soko la mtaa wa Rockey, Kiswahili cha Lubumbashi hukutana na cha Tanga, na kila mtu ana lake la kuuza. Sisi tuliosomea uhandisi ng'ambo tuna ugonjwa wetu: kununua darubini za kijeshi za zamani. Moja tuliipata kwa muuza vitu vya kale hapa hapa Johannesburg. Ubavuni imechorwa Ross, London, 1915, pamoja na ule mshale mpana, alama ya mali ya Serikali ya Uingereza.

Ndani ya darubini hizi mna prizimu, vipande vya kioo vinavyokunja njia ya mwanga na kuisimamisha sura iliyopinduka. Zeiss wa Jena, Ujerumani, walianza kuziuza mwaka 1894. Yetu inakuza mara 6, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 30. Enzi hizo vioo havikupakwa utando wa kuzuia mng'ao; Zeiss waliupatia hataza mwaka 1935. Kila uso wa kioo kisichopakwa hupoteza kama asilimia 4 ya mwanga. Nyuso zikiwa 10, theluthi moja imekwenda. Kuvu ikiingia humo, huoni kitu.

Kwa hiyo tuliamua kusafisha yote, hata mkoba wake wa ngozi. Kitambaa kilikwisha lowa spiriti tulipoona wino hafifu chini ya kifuniko: jina la ofisa, na maneno "Kondoa Irangi, 1916". Tungesugua mara mbili tu, tungefuta historia.

Mwaka ule Jenerali Smuts aliongoza vita dhidi ya Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Mwezi Aprili wapanda farasi wa van Deventer, Waafrika Kusini, waliteka Kondoa Irangi. Masika yakakata njia, farasi wakafa kwa wingi, njaa ikaingia kambini. Chakula kilichowafikia kilikuja vichwani mwa wapagazi.

Jirani yetu, mzee wa Tanga, alipita kutujulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba tulimpa darubini. Akatazama dirishani kitambo, akairudisha.

"Huyu bwana alikuwa akitazama. Mizigo yake alibeba nani?"

Hatukuwa na jibu. Jina la ofisa tunalo. Kwa upande wa Waingereza, hesabu rasmi inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita ile, na wanahistoria wengi huamini walikuwa wengi zaidi. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi. Mizinga ya meli Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915, ilikokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Leo mmoja uko Pretoria na mwingine Fort Jesus, Mombasa. Chuma kimetunzwa. Majina ya waliokikokota hayakutunzwa.

Basi wenzetu wenye ugonjwa huu, msipake rangi wala msisugue kabla ya kusoma kila pembe. Wekeni pakavu, mbali na kuvu. Na kama babu yako alikuwa mpagazi, andika jina lake, kijiji chake na alikopita, ulitie mahali salama. Sisi tumeweka karatasi tupu ndani ya mkoba ule, chini ya jina la ofisa. Tunangoja majina.

Wasalaam.